Kifua cha Chuma Chenye Kitovu

Siku sanduku lilipofunguliwa sebuleni kule Riyadh, madam alichungulia mara moja tu, akajifunika uso kwa kiganja. Ndani, juu ya kitambaa cheusi, kulikuwa na kifua cha mwanamume. Kifua kitupu, kipana, chenye chuchu na mbavu, na tumbo lililojaa misuli, na katikati ya tumbo kitovu. Kilikuwa cha chuma, lakini fundi aliyekifua alikuwa amekipigapiga nyundo mpaka ukadhani ukikigusa utakuta kina joto.

"Funika," madam akaniambia. "Funika kabla dereva hajaingia."

Nilivuta kitambaa cha meza nikakitandaza juu yake. Bosi alicheka sana, akakiondoa, akaanza kutoa vipande vingine kimoja kimoja na kuvipanga kwenye zulia. Kofia ya chuma iliyochongwa nywele za mawimbi na masikio, kama kichwa cha mtu aliyepoteza uso. Vibati vya mabegani vyenye vichwa vya simba waliofunua midomo. Mikanda mifupi ya ngozi ya kuning'inia kiunoni, safu nzima, kama sketi. Na ngao yenye uso wa mwanamke anayepiga kelele, nywele zake zote ni nyoka. Madam aliiona ngao ile akasema haitalala chumba kimoja na watoto wake.

Bosi alikuwa na ofisi ya marumaru mtaa wa Al-Murabba, na mzigo wake mwingi ulipitia Bandari ya Jeddah. Sanduku hili nalo lilipita huko huko, na alitusimulia jinsi watu wa forodha walivyolifungua wakaitana waje kutazama. Alikuwa amekwenda Italia kuagiza mawe, akaingia jumba la makumbusho kupoteza muda, akasimama mbele ya deraya, vazi la chuma kama hili, mpaka mlinzi akamwomba asogee. Baadaye akatafuta fundi wa huko anayetengeneza za kuiga, akampa kazi.

"Unajua ni ya nini?" aliniuliza, maana mimi ndiye niliyekuwa karibu, nimeshika kitambaa cha meza. "Miaka mia tano iliyopita wakuu wa Italia walivaa hivi. Si vitani. Vitani walivaa chuma cha kawaida. Hii ilikuwa ya siku za sherehe, ya kuingia mjini umepanda farasi watu wakikutazama. Walitaka kufanana na makaisari wa Roma na mashujaa wa Kiyunani."

"Na hao makaisari walikuwa hai bado, bosi?"

"Walikuwa wamekufa zaidi ya miaka elfu."

"Na miili yao ilikuwa hivi kweli?"

Bosi alikitazama kile kifua. "Nani anajua?" akasema. "Miili imeoza."

Yeye mwenyewe alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye tumbo la kutangulia na pumzi fupi. Alikuwa akipanda ngazi za nyumba yake anapumzika katikati, anajifanya anaangalia simu. Mimi nilimpenda kama mtu anavyompenda bosi asiyepiga kelele. Katika nyumba nilizosikia habari zake, hilo si jambo dogo.

Nilikuwa nimekuja Riyadh kama mfanyakazi wa ndani, lakini kwetu Kisauni, Mombasa, nilikuwa fundi cherehani. Nilishona nguo za harusi. Nilijua kumfanya bibi harusi aliyejaa aonekane ana kiuno, na kumfanya aliyekonda aonekane amekula. Madam alipogundua hayo alininunulia cherehani, na tangu hapo kazi yangu ikawa nusu jikoni nusu kwenye chumba kidogo cha kupigia pasi, ambako nilimshonea yeye na dada zake. Ndiyo sababu deraya ilinifikia mimi. Chuma hakivaliwi juu ya ngozi. Kinahitaji koti la pamba la kuvaliwa ndani, lililoshonwa kwa mistari kama godoro, na fundi wa Italia hakulileta. Alituma mchoro tu.

"Utaweza?" bosi akauliza.

"Nguo nitaweza. Chuma sikijui."

Kumpima ilikuwa kazi ya aibu hata kabla aibu yenyewe haijafika. Mimi siwezi kumzungushia futi mwanamume asiye wangu, basi madam ndiye aliyempima, na mimi nikasimama nimeelekea ukutani nikisomewa. Nilimsikia madam akisema, "Usivute tumbo. Mtu akivuta tumbo nguo itampasuka." Na bosi akijibu kwa sauti ya mtu aliyebana pumzi, "Sivuti."

Ijumaa iliyofuata nilikwenda soko la Batha kununua pamba ya kujazia na nyuzi nene. Hapo Batha nilikuwa na rafiki yangu mmoja, Mkenya mwenzangu, mwanamke wa Nakuru, Mkristo, anayefanya kazi ya ndani upande mwengine wa mji. Siku zake za kutoka zikikutana na zangu tulikuwa tunatembea pamoja madukani hata kama hatununui kitu. Nilimweleza ninachoshona.

"Wewe, ngoja kwanza," akasema, amesimama katikati ya njia watu wakitupita. "Mtu anavaa koti ya godoro, halafu juu yake chuma, na hiyo chuma iko na nyonyo?"

"Na kitovu."

"Kwani anaenda vita?"

"Haendi vita. Anaenda kupigwa picha."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi pia nilicheka. Nakumbuka tulivyocheka kwa sababu ilikuwa mara ya mwisho kicheko kuhusu jambo lile kuniingia vizuri.

Koti nililimaliza, likawa zuri. Lakini bosi alipolivaa na kujaribu chuma juu yake, vipande viwili vya kifua, cha mbele na cha mgongo, havikukutana ubavuni. Vilibaki wazi, ungeweza kupitisha mkono. Madam ndiye aliyeniambia sababu baadaye. Vipimo vilivyotumwa Italia vilikuwa vya suti ya harusi ya bosi. Alivitoa kwenye karatasi ya zamani ya fundi wake, na wakati ule hakumwambia mtu.

Asubuhi moja madam akiwa ametoka, bosi alikuja mlango wa jikoni. Hakuingia. Alisimama pale ameshika mfuko wa plastiki, akanipa bila kunitazama. Ndani mlikuwa na mshipi wa kubana tumbo wa madam, ule ambao wanawake huvaa wakishajifungua, rangi ya ngozi, una ndoano mbele na ua la lesi juu.

"Uongeze kitambaa nyuma," akasema. "Unitoshe."

Nilisema, "Madam?"

"Madam asijue. Mafi mushkila, hakuna shida. Ni siku moja tu."

Ningesemaje hapana? Alikuwa kafili wangu, mdhamini wangu, na ikama yangu, kibali changu cha kukaa, ilikuwa kwa jina lake, na hata bila hayo yote nilimwonea huruma. Niliufumua mshipi, nikauongezea kitambaa imara nyuma, nikamrudishia katika mfuko uleule. Lakini kuanzia siku ile nikimhudumia madam chai nilihisi kama ninaiba. Siri ndogo na mume wa mtu, hata ikiwa siri ya tumbo lake, inakufanya uinamishe macho.

Rafiki zake bosi walisoma naye tangu utotoni na kila majira ya baridi walikutana nyumbani kwa mmoja wao. Huyu alifuga vipanga, yule alikuwa na magari ya zamani, na kila mwenye zamu alionyesha alichonacho. Zamu ya bosi iliangukia siku ya Ijumaa baada ya Alasiri. Wanaume walikaa kwenye majilisi, sebule ya wageni, upande wa mbele, sisi wanawake upande wa ndani, na mimi nilikuwa nikipeleka sinia za chakula mpaka kwenye mlango wa kati, dereva anazipokea. Nilisikia makofi bosi alipoingia amevaa. Makofi ya kweli, ya kushangilia. Nilifurahi, nikajiambia kwamba basi ameupata wakati wake.

Kisha nikasikia kicheko, na baada ya kicheko, kimya.

Dereva akagonga mlango wa kati. "Wewe unaitwa. Haraka. Yalla."

"Kule kwa wanaume?"

"Bosi mwenyewe anakuita. Anasema wewe tu."

Madam alisimama, akaniambia niende. Sikuwahi kuingia kwenye majilisi ile wanaume wakiwemo. Nilichukua mkasi wangu mkubwa, kwa sababu dereva alisema bosi amekwama, nikajitupia abaya juu ya dera la kazi, nikatoka.

Bosi alikuwa amekaa sakafuni ameegemea mto. Amevaa kila kitu, simba mabegani, sketi ya ngozi, kile kifua chenye kitovu kinang'aa chini ya taa, na juu yake uso wake mwenyewe, uliokuwa rangi ya majivu. Baada ya kushangiliwa alikuwa ameketi kula pamoja nao, na alipoinama kuchukua wali, kipini cha chuma kinachofungia ubavuni kilipinda. Sasa hakikutoka, na tumbo lililokuwa limebanwa mara mbili, kwa mshipi na kwa chuma, halikuwa na pa kwenda. Midomo yake ilikuwa imeanza kuwa myeusi. Rafiki zake walitaka kumfungua, yeye akawa anawasukuma kwa mikono. Mimi peke yangu pale ndani nilijua kwa nini.

"Watoke," akasema aliponiona. Sauti ilikuwa nyembamba kama ya mtoto. "Wote. Watoke."

Walitoka. Nilidhani wametoka wote.

Nilikata mikanda ya ngozi ya bega kwa mkasi, lakini kipini cha ubavuni kilikuwa cha chuma, mkasi haukukifaa. Pembeni ya vyombo vya kahawa palikuwa na kinu cha shaba cha kutwangia iliki. Nilichukua mchi wake nikaanza kukigonga kile kipini kutoka chini kwenda juu. Kila pigo lililia kama kengele. Abaya ilikuwa inanikwama mikononi, nikaivua, na mtandio nao ukaanguka, sikuuona. Nilikuwa nimepiga magoti, mguu mmoja upande huu wa mtu na mwengine upande ule, ninapiga. Kipini kikaruka. Kifua cha mbele kikafunguka kama mlango, nikakitupa. Chini yake nikalifungua lile koti langu, na chini ya koti ulikuwa mshipi wa madam na ua lake la lesi. Nikazivuta ndoano, moja baada ya moja, mpaka akavuta pumzi iliyosikika nyumba nzima.

Hapo ndipo niliposikia mtu anacheka nyuma yangu. Mmoja wa rafiki zake alikuwa amebaki mlangoni, na simu yake ilikuwa imeinuliwa.

Nilichukua abaya yangu nikamfunika bosi, tumbo na mshipi na vyote. Ndipo nilipokumbuka kwamba mimi mwenyewe niko kichwa wazi.

Sijui kama yule mtu alikusudia ubaya. Labda aliwatumia wenzake wachache kwa utani, kama wanavyotumiana mambo mengine. Lakini kipande alichokipeleka kilianzia pale chuma kilipokwisha kutupwa. Hakikuonyesha kile kifua cha chuma wala midomo myeusi. Kilionyesha mfanyakazi wa ndani, kichwa wazi, dera limepanda magotini, amemkalia bosi wake na kumvua nguo za ndani za kike, kisha anamfunika kwa haraka na kugeuka kutazama kamera kwa macho makubwa. Uso wa bosi haukuonekana vizuri. Wangu ulionekana wote.

Rafiki yangu wa Nakuru ndiye aliyenipigia kwanza. Siku hiyo hakucheka.

"Nisikize," akasema. "Kuna video. Iko kwa magrupu ya Wakenya. Watu wameweka wimbo juu yake. Usiangalie."

"Ni mimi?"

"Ni wewe. Nimewaambia si hivyo inavyokaa. Hawasikii. Usiangalie, tafadhali."

Niliangalia. Nilijifungia kwenye chumba cha kupigia pasi nikaangalia, na kitu cha ajabu ni kwamba mimi mwenyewe, niliyejua kila kilichotokea, nilimwona yule mwanamke nikamwonea haya. Nilijiona kama walivyoniona. Tangu hapo hata nikijifunga mtandio mbele ya kioo nilikuwa simtazami yule aliye kiooni.

Kisha ikafika Kisauni. Mke wa kaka yangu alinitumia sauti, amenena pole pole kama mtu aliye msibani. Aliniambia kwamba Baba ameiona. Baba yangu anafundisha chuo, watoto wa mtaa mzima wamejifunza kusoma Kurani barazani kwake. Mzazi mmoja alikwenda kumtoa mwanawe, na alipoulizwa sababu akamwonyesha simu. Baba hakunipigia, na mimi sikumpigia. Ningempigia nimwambie nini? Nilikuwa nikiona jina la mtu yeyote wa nyumbani kwenye simu naigeuza juu chini mpaka iache kulia.

Madam hakunifokea. Ingekuwa afadhali. Yeye pia alikuwa ameumbuka, maana mshipi wake, ambao hata dada zake hawakuwahi kuuona, sasa umeonwa na waume za dada zake. Aliacha kunituma kwa mdomo. Akitaka kitu alikiweka mezani na kuondoka, nikielewe mwenyewe. Bosi naye alikuwa anapita kwenye ukumbi ameinamisha kichwa, na mimi nainamisha changu, tukawa kama watu wawili waliofanya jambo kweli. Angeweza kumshitaki rafiki yake, kumpiga mtu picha ndani ya nyumba bila ruhusa ni kosa kule. Lakini kushitaki ni kuonyesha ushahidi, na ushahidi ndio uleule.

Haikupita muda madam akaniita. "Mama mkwe yuko peke yake Jeddah," akasema akiwa anakunja nguo. "Magoti yanamuuma. Utakwenda kumtazama. Halas, basi."

Niliondoka na begi moja. Cherehani niliiacha. Sikufukuzwa, na Wakenya waliokutana Batha walijua hilo, lakini mtu anayehamishwa haraka vile baada ya jambo vile, kila mmoja anajaza sababu yake mwenyewe.

Mama yake bosi alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mkali wa macho, anayeishi ghorofa ya kwanza ya jengo la zamani na paka asiyependa mtu. Simu yake ilikuwa ya vibonye. Kwa hiyo kwake nilikuwa binti tu aliyeletwa kumkanda magoti, na kwa siku za mwanzo nilipumua. Nilimpikia samaki, nikampaka mafuta, nikamsikiliza akilaumu lifti.

Jirani yake wa chini alikuwa bibi wa Kizanzibari. Watu wake walihamia Jeddah baada ya Mapinduzi, yeye akiwa msichana, na hakuwahi kurudi, lakini Kiswahili chake kilikuwa hakijatoka Unguja hata siku moja. Alipokuja kunywa kahawa mara ya kwanza na kunisikia nikimsemesha paka, alishika kifua kwa furaha.

"Wa wapi weye, mwanangu?"

"Shikamoo bibi. Wa Mombasa, Kisauni."

"Marahaba, marahaba! Basi hapa umefika kwenu."

Nilitamani kulia kwa kusikia vile. Kwa muda wa wiki kadhaa aliniletea mkate wa kumimina, na mimi nikamsukia ukili wa mkeka aliokuwa ameshindwa kuumaliza kwa macho yake. Kisha siku moja alikuja bila mkate. Alikaa, akaniita nikae karibu, akanisemesha kwa Kiswahili ili mwenye nyumba asielewe.

"Mwanangu, mjukuu wangu kanionesha kitu kwenye simu. Ndo weye?"

Nilikuwa nimeshika kikombe, nikakiweka chini.

"Ndimi, bibi."

"Ulikuwa wafanya nini?"

"Nilikuwa namtoa kwenye chuma."

"Chuma gani?"

Nikaanza kumweleza. Na kila nilivyoeleza ndivyo nilivyosikia mwenyewe jinsi maneno yangu yanavyofanana na uongo. Chuma chenye chuchu. Simba mabegani. Wafalme wa Italia wanaoiga wafalme wa Roma. Mchi wa iliki. Nilifika kwenye mshipi nikanyamaza, sikuweza kulisema neno hilo mbele ya mtu mzima wa rika la bibi yangu. Nikajifunika uso kwa mtandio.

"Mtu muongo angenipa hadithi nyepesi kuliko hii," bibi akasema. Kisha akamgeukia mwenye nyumba, na kabla sijamzuia, akamwambia yote kwa Kiarabu.

Mama yake bosi alisikiliza bila kunitazama. Alipomaliza kusikiliza aliomba simu yake ya vibonye.

Bosi alikuja Jeddah wiki ile ile. Alisema ana mzigo bandarini, na labda ilikuwa kweli. Mama yake alimkalisha mbele yake, akaniamuru nilete kahawa kisha nisiondoke. Nilisimama karibu na mlango na birika mkononi. Bosi alilitazama zulia.

"Ulivaa nini?" mama akauliza.

"Deraya."

"Deraya ya nani?"

"Yangu, mama. Niliiagiza."

"Na ndani yake ulivaa nini?"

Mtu wa miaka ile, mwenye ofisi na watumishi, akawa mwekundu mpaka masikio. Niliona nikatazama pembeni. Nilitamani asilijibu swali lile, niliona haya kwa ajili yake kuliko kwa ajili yangu. Lakini alijibu. Alisema wazi, kwa jina lake, ule mshipi ni wa nani na ni wa nini. Aliendelea akasema tangu shule wale wenzake walimwita kwa jina la tumbo lake, na alitaka siku moja tu wamtazame wasilione.

Mama yake hakucheka. "Na binti huyu alifanya nini?"

"Aliniokoa. Nilikuwa siwezi kupumua."

"Na wewe umemfanya nini?"

"Nimemleta kwako apumzike."

"Umemficha kwangu," mama akasema. "Mpigie baba yake."

Bosi alinyoosha mkono, nami nikapiga namba ya Baba, nikaweka spika, nikampa simu. Baba alipokea haraka, nadhani kwa kuliona jina langu, na akasema, "Ee, mwanangu," kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu mambo yaharibike. Badala ya mimi akasikia mwanamume akimsalimia kwa Kiarabu.

Baba Kiarabu chake ni cha vitabuni. Hakuwahi kukizungumza na mtu sokoni. Alijibu pole pole, neno moja moja, kama anayesoma, na bosi naye ikambidi aache Kiarabu cha Riyadh na kutafuta maneno ya shuleni. Walizungumza kama watu wanaovuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Nilivaa dir'i," bosi akasema. Neno hilo, deraya kwa Kiarabu, Baba alilijua, limo katika habari za vita vya zamani anazofundisha.

"Ulikuwa vitani?"

"Hapana, ya shekhe. Nilikuwa nyumbani kwangu. Nilivaa ili nisifiwe." Akasita. "Ikanibana, nikawa karibu kufa. Binti yako akaifungua. Nilikuwa uchi wa tumbo, akavua nguo yake ya juu akanisitiri. Mtu akapiga picha. Hiyo ndiyo mliyoiona. Mimi ndiye niliyepaswa kuona haya, si yeye."

"Alikusitiri?" Baba akauliza.

"Alinisitiri."

"Nipe mwanangu."

Niliichukua simu nikaenda nayo jikoni. Sikuweza kutoa salamu, nililia tu. Baba aliningoja nimalize.

"Nimesikia," akasema. "Na nimeamini. Lakini ile picha nimekwisha kuiona, mwanangu. Natamani nisingeiona. Nakwambia usije ukadhani nimekuwa sawa kwa siku moja tu."

"Naelewa, Baba."

"Umekula?"

"Bado."

"Kula."

Bosi alipokuwa anaondoka alisimama mlangoni mwa jikoni, nje ya kizingiti, kama siku ile aliponiletea mfuko. "Samehe," aliniambia kwa Kiarabu. Nikamjibu, "Halas, bosi," kwa sababu ndilo jibu lililokuwapo. Alisema deraya ameirudisha kwenye sanduku na anatafuta wa kuinunua. Sikumuuliza zaidi. Nilikuwa bado nasikia ule mlio wa shaba juu ya chuma.

Nilibaki Jeddah mpaka mkataba wangu ukaisha. Mama yake bosi hakunitaja tena jambo lile, ila alianza kunikalisha naye mezani. Rafiki yangu wa Nakuru aliandika habari yote kwenye magrupu aliyokuwamo, kwa herufi kubwa, akatukanwa, akaandika tena. Wengine waliifuta ile video. Wengine hawakuifuta, na ninajua hivyo kwa sababu kwenye uwanja wa ndege, siku ya kurudi, wasichana wawili wa Kikenya waliokaa mbele yangu walinitazama, wakatazamana, wakainamia simu.

Baba alikuja kunipokea Mombasa. Nilidhani tutachukua teksi mpaka mlangoni, nilikuwa nimekwisha kupanga jinsi nitakavyojifunika. Lakini tulipofika Kisauni alimwambia dereva atushushe barabarani, jioni, wakati watu wote wako nje, wauza viazi na wanawake wa mahamri na wazee kwenye baraza zao. Alilibeba begi langu mwenyewe begani. Alitembea polepole, akimsalimia kila mtu kwa jina, akisimama kuuliza hali ya mgonjwa huyu na mtoto yule, na kila aliposimama alisema, "Mwanangu karudi kutoka kazini."

Walijibu. Wengi walinipa mkono. Mwanamke mmoja alinijibu salamu huku anatazama kandokando yangu, na wasichana waliokuwa wanachota maji walinyamaza tulipopita kisha wakaanza tena kunong'ona.

"Inua uso," Baba akaniambia bila kugeuka.

Nilijaribu. Niliuinua mpaka kwenye begi lililokuwa begani mwake, nikaliangalia hilo njia nzima mpaka nyumbani.